Mshahara wa Waliokatazwa Kuondoka

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Marsiana Sikazwe huitembea kwa miguu njia ya kurukia ndege ya Ilembwe, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi. Mkononi hushika nondo fupi iliyochongwa ncha. Kila baada ya hatua hamsini huisimika ardhini, huiegemea kwa uzito wake wote, kisha hutazama imezama kiasi gani. Ikiingia upana wa kidole, ardhi ni ngumu na ndege itatua salama. Ikiingia upana wa kiganja, magurudumu yatanasa. Hakuna kipimo kingine Ilembwe. Yeyote anayetua pale ametanguliwa na mwanamke huyo na nondo yake.

Kiwanja chenyewe kipo juu ya uwanda wa Ufipa, kando ya barabara iendayo Chala. Hakina lami wala mnara. Kina changarawe iliyoshindiliwa, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, chumba kimoja chenye mabenchi mawili, redio ya kuzungumza na marubani, na mitungi minne mikubwa ya kuzimia moto iliyofungwa juu ya mkokoteni. Ndege ndogo hutua mara mbili au tatu kwa wiki: ya madaktari, ya wapimaji wa ardhi, ya wakubwa wenye haraka. Mvua zinapokolea na magari kukwama, ndege hiyo ndiyo humwahisha mgonjwa mahututi kwenye hospitali kubwa.

Marsiana alizaliwa Mwazye, katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, akasoma hadi kidato cha nne, akaolewa Ilembwe, akafiwa na mume akiwa na mtoto mmoja, Adela. Aliajiriwa kwanza kufagia kile chumba chenye mabenchi. Mtu wa redio alipostaafu, hakupatikana yeyote kutoka mjini aliyekubali kuhamia kwenye baridi ile. Ndipo ofisi ya kanda ilipokumbuka kwamba mfagiaji anajua kusoma. Wakampeleka Mbeya mafunzo ya wiki sita, akarudi akiwa msimamizi wa kiwanja. Imepita miaka ishirini na moja. Mkataba wake huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na kila mara huambiwa kwamba ajira ya kudumu inashughulikiwa.

Chini yake wapo wawili. Cleophas, baba wa watoto wanne na mkulima hodari, na Uledi, kijana wa mjini ambaye ndugu zake ni watu wa malori. Hao ndio zimamoto. Ndege inapotua, wawili hao husimama kando ya mkokoteni wa mitungi, mmoja ashike mpira wa kuzimia moto na mwingine afungue valvu. Kanuni inasema hivyo waziwazi: zimamoto wawili, bila upungufu, wakipungua, kiwanja kimefungwa.

Mwanzoni mwa Novemba ililetwa barua. Marsiana aliwasomea wenzake wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya abiria.

"Malipo ya watumishi wote wa mkataba yamesitishwa hadi uhakiki wa watumishi utakapokamilika," alisoma. "Hata hivyo, watumishi wa huduma muhimu, wakiwemo wa viwanja vya ndege, wataendelea na kazi kama kawaida. Atakayeacha kituo chake atahesabika amejifukuzisha kazi."



"Mama, hebu niulize," Uledi alisema. "Hiyo 'huduma muhimu' ni cheo?"

"Ni cheo," Cleophas alimjibu. "Umepandishwa leo. Nenda kamwambie mama mwenye nyumba wako asimamishe kodi, anapangisha mtu muhimu."

"Atanishusha palepale, anitupe nje na godoro."

Walicheka. Marsiana naye alicheka, kisha akaikunja barua ile na kuirudia tena kimoyomoyo, kwa sababu jambo moja lilikuwa limemkwama kooni. Na liwakwame kooni wote watakaolisoma hapa. Mfagiaji wa ofisi, mtunza bustani, karani wa stoo, hao waliruhusiwa kukaa nyumbani wakatafute riziki kwingine mpaka uhakiki uishe. Waliokatazwa kuondoka ni wale tu ambao bila wao ndege ingeanguka. Serikali ilikuwa imekiri kwa maandishi kwamba haiwezi kukaa hata siku moja bila kazi yao, na katika karatasi ileile ikaamua kwamba wao wanaweza kukaa siku zozote bila mshahara. Anayeitwa muhimu pale anapotaka kuondoka, na kusahauliwa pale anapotaka kula, ametumikishwa. Sijui neno jingine la heshima zaidi.

Novemba ikapita. Desemba ikapita, na Noeli yake. Marsiana aliandika barua mbili kwa ofisi ya kanda, kwa mwandiko wa kusomeka na lugha ya adabu, akataja majina matatu na tarehe. Hazikujibiwa. Katikati ya Januari alikwenda Sumbawanga mjini, kwenye duka la Hamida, ambaye familia yake imefanya biashara ya jumla na usafiri pale tangu babu zake. Walikuwa wamefahamiana tangu Adela na Sadick, mwana wa Hamida, walipokaa dawati moja.

Redio ya dukani ilikuwa ikisoma habari.

"Umesikia, Mama Adela?" Hamida alisema, akipunguza sauti ya redio. "Eti Marekani serikali imefunga. Wakubwa wamegombania bajeti, ofisi zimefungwa. Wale wanaoongoza ndege angani wanafanya kazi bila kulipwa, sasa ni wiki ya tatu."

"Na wakitaka kuondoka?"

"Hawaruhusiwi. Ni muhimu."

"Basi tumewatangulia," Marsiana alisema. "Sisi ni mwezi wa tatu."

Hamida akaanza kupima sukari bila kuombwa. "Sikiliza, Mama Adela. Mimi nikiwa na dereva, nisipomlipa mwezi mmoja anaegesha lori. Na nitamlaumu vipi? Egesheni na nyie. Fungeni kile chumba, nendeni mkalime."

"Mama Sadick, mwezi uliopita walimpandisha mama mmoja kwenye ndege ya madaktari, mtoto amekaa vibaya tumboni, ametoka damu kwa saa mbili nzima. Ningekuwa nimekwenda kulima, angekufa kwenye tope njiani. Siegeshi."

"Basi wataendelea kukupanda kichwani."

"Hilo nalo sikubali."

"Hukubali hili, hukubali lile. Utafanya nini sasa?"

 Marsiana aliipokea sukari, akasema aandikiwe deni, Hamida akamwambia asimtukane dukani kwake. Marsiana akaondoka.

Jibu lilikuja lenyewe mwishoni mwa Januari, tena kwa njia ambayo asingeichagua.

Lazima nieleze kidogo habari ya nyasi. Wakulima wa Ufipa, mvua zinapokuwa zimelainisha udongo na nyasi zimerefuka, huzikata na kuzikusanya kwa mviringo, kisha huzifukia kwa udongo uliopinduliwa mpaka shamba lote limejaa vilima vyenye urefu wa goti. Juu yake hupandwa maharage. Ndani yake nyasi huoza, na msimu unaofuata vilima hutawanywa, ulezi ukapata mbolea isiyonunuliwa. Ni kazi ya wiki chache tu. Nyasi zikikomaa, mwaka umekupita. Tangu kiwanja cha Ilembwe kijengwe, ofisi haijawahi kulipa senti moja kwa kufyeka kingo zake. Majirani huzikata nyasi bure, na malipo yao ni nyasi zenyewe, wanazozibeba kwenda mashambani. Kila mtu Ilembwe anajua kwamba nyasi za kiwanja ni za wananchi.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Marsiana alikuwa amefika hatua ya mia nne na nondo yake alipoona kitu cheusi upande wa kulia, ng'ambo ya changarawe. Alidhani ni ng'ombe aliyelala. Akakaribia. Palikuwa na kilima cha udongo mbichi, nyasi zikichungulia pembeni, kimetengenezwa kwa ustadi. Nyuma yake kingine. Nyuma yake safu nzima. Alivihesabu: thelathini na saba, vyote ndani ya ukingo wa usalama, ile ardhi inayopaswa kubaki tupu ili ndege ikiteleza isigonge kitu. Cleophas alikuwa kwenye cha thelathini na nane, jembe mkononi, jasho limemlowesha shati.

"Umeamkaje, Mama Adela?" alimsalimu, kwa uchangamfu wa mtu asiye na hatia.

"Cleophas, hiki ni nini?"

"Maharage."

"Naona maharage. Nauliza hiki ni nini."

Cleophas alichomeka jembe chini. "Shamba langu halinitoshi, unalijua. Mahindi ya ndani yameisha, ya kununua siwezi. Kila mwaka nyasi hizi tunazikata sisi. Nikasema, badala ya kuzibeba kichwani mpaka nyumbani, nizifukie hapahapa. Serikali hainilipi, basi ardhi yake inilishe."

"Ndege ikiteleza?"

"Nimepima. Hatua kumi kutoka kwenye changarawe."

"Kanuni ni thelathini."

"Mabawa hayafiki hapa, Mama Adela, nimetazama miaka tisa."

"Mabawa hayafiki. Gurudumu likipasuka, ndege nzima inafika. Itagonga kilima hiki, itageuka tumbo juu, na wewe utakimbia na mpira kwenda kuzima moto uliouwasha mwenyewe."

 Cleophas alivitazama vilima vyake kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza. "Sikuwaza hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema nyasi ni zetu."

"Nyasi ni zenu. Ukingo ni wa abiria. Tafuta majembe mengine mawili, umwamshe na Uledi."

Kila siku saa moja asubuhi, msimamizi wa kiwanja hutangaza kwa redio hali ya kiwanja chake, wazi au kimefungwa, na kama kimefungwa, sababu. Mbeya huipokea kama ilivyosemwa na kuisambaza kwa marubani na ofisi zote za usafiri wa anga. Marsiana alikaa mbele ya redio dakika tano nzima. Angeweza kusema "ukingo una vizuizi" na kuishia hapo. Ingekuwa kweli, na ingekuwa robo ya kweli. Yeyote angedhani ni mkulima fulani tu mwenye tamaa. Akabonyeza kitufe.

"Mbeya, hapa Ilembwe. Kiwanja kimefungwa. Ukingo wa usalama umelimwa na mtumishi wa kiwanja. Watumishi hawajalipwa kwa miezi mitatu."

Redio ilikoroma. "Ilembwe, rudia sababu ya mwisho."

"Watumishi hawajalipwa kwa miezi mitatu."

"Imepokelewa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata huku sisi wa mkataba hatujalipwa, mama. Naituma kama ilivyo."

Simu ya Bwana Timoth, mkuu wa ofisi ya kanda, iliita kabla hajasimama kitini.

"Bi Marsiana, umetangaza nini wewe?"

"Nilichokiona, Bwana Timoth. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho Mhandisi Nyanda anatoka makao makuu kuja kukagua viwanja, na anatua kwako. Futa tangazo lile. Sema mvua."

"Mvua haijanyesha tangu juzi."

"Nani atajua?"

"Rubani yeyote atakayepita juu na kuona changarawe kavu."

"Mama, usinifundishe kazi. Hayo ya mishahara ni mambo ya ndani. Hayatangazwi kwa marubani."

"Rubani ndiye mwenye haki ya kwanza kuyajua. Anayemshikia mpira wa kuzimia moto hajala. Tunavibomoa vilima leo leo, na vikiisha nitatangaza vimeisha. Lakini mvua siwezi kuinyesha kwa mdomo."

Waliinama kwenye ule ukingo tangu asubuhi: Marsiana, Cleophas na Uledi. Kukibomoa kilima ni kazi nyepesi. Taabu ni kuurudisha udongo laini uwe mgumu. Walitawanya, wakashindilia kwa miguu na kwa gogo, Marsiana akawa anapita nyuma na nondo yake na kuwarudisha pale ilipozama. Cleophas alishindilia bila kuinua kichwa. Uledi alisema kwa niaba ya wote.

"Mshikaji wangu," alimwambia Cleophas, "ningejua unalima hapa ningekuambia uweke na nyanya."

"Shindilia."

"Nashindilia. Mimi huwa nashindilia bure siku hizi, nimezoea."

Saa kumi alasiri kazi ilikwisha. Marsiana alipiga simu mwenyewe.

"Bwana Timoth, ukingo uko safi."

"Vizuri sana. Kesho saa nne Mhandisi anatua. Halafu mlimaji wenu nimeshamjua, ni Cleophas; nimemsimamisha kazi tangu asubuhi, barua inaandikwa. Asikanyage tena kiwanjani."

"Umemsimamisha?"

"Nimemsimamisha."

"Basi kesho kiwanja kimefungwa. Zimamoto amebaki mmoja, na kanuni yenu inataka wawili."

Upande wa pili palisikika pumzi ndefu. "Msimamishe mtu yeyote pale kwenye mkokoteni. Mvalishe koti."

"Koti halizimi moto."

"Unanitisha?"

"Nakusomea ukurasa wa kumi na moja wa kitabu cha kanuni. Ikija ndege ya mgonjwa, nitamweleza rubani hali ilivyo, aamue mwenyewe, na mimi nitashika mpira. Kwa ndege ya ukaguzi, kiwanja kimefungwa. Sababu nitaitaja."

Na akaitaja, kesho yake saa moja, neno kwa neno: zimamoto mmoja amesimamishwa na ofisi ya kanda, mmoja yupo, hawajalipwa miezi mitatu. Ndege ya Mhandisi Nyanda ikatua Mbeya, na Mhandisi akapanda gari.

Alifika Ilembwe jioni, suruali imeingia tope hadi magotini, kwa kuwa gari lilikwama mara mbili na yeye mwenyewe alishuka kusukuma. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani. Marsiana alimpokea mlangoni.

"Wewe ndiye msimamizi?"

"Ndiye mimi. Pole na safari, mheshimiwa. Karibu uji."

"Sikuja kunywa uji. Unajua umenikalisha barabarani kwa saa tisa nzima?"

"Najua. Wagonjwa wetu huipita barabara hiyohiyo."

Mhandisi alivua viatu, akaketi kwenye benchi, akaomba kitabu cha kanuni. Aliusoma ukurasa wa kumi na moja, akaurudia. Kisha akatoka na Marsiana kuukagua ukingo, akaiomba ile nondo, akaisimika mahali sita kwa mkono wake. Aliporudi, uji ulikuwa mezani, naye akaunywa wote.

"Unataka nini, mama?"

"Miezi mitatu ya watu watatu."

"Malipo yamesitishwa nchi nzima kwa watu wa mkataba. Kuna uhakiki. Tunataka kujua nani yupo kweli na nani ni jina tu kwenye orodha."

"Basi uhakiki si umefika?" Marsiana alisema. "Uledi yule pale. Cleophas yupo nje ya uzio, kwa kuwa amekatazwa kuingia. Mimi niko mbele yako. Tuhesabu. Vitambulisho hivi hapa."

"Mambo hayaendi hivyo. Kuna utaratibu."

"Nisaidie kuuelewa, mheshimiwa. Mmetuandikia kwamba mnajua tupo, ndiyo maana mkatukataza kuondoka. Kama mna shaka kwamba tupo, mlimkataza nani?"

Mhandisi Nyanda alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Sitaki kumsifu kupita kiasi. Alikuwa na uwezo wa kuuliza swali hilo tangu Novemba, na ilimlazimu aloe tope ndipo aulizwe yeye. Lakini alitoa kalamu, akaandika namba za vitambulisho, akaenda hadi kwenye uzio kumwona Cleophas kwa macho, na kabla ya kuondoka akasema, "Ndani ya wiki."

Siku ya nne simu ya Uledi ililia, akaisoma, akaruka juu. Ya Marsiana ikafuata. Miezi mitatu yote, kamili. Wakampigia Cleophas: kwake hakukuwa na kitu.

Jioni ililetwa fomu ya kufunga jalada la uhakiki kwa kituo cha Ilembwe. Ilikuwa na mstari mmoja na nafasi ya sahihi: *Nathibitisha kwamba watumishi wote wa kituo hiki wamelipwa stahiki zao.* Bwana Timoth alipiga simu kueleza. Mshahara wa Cleophas umezuiwa kwa sababu ya kosa lake. Marsiana akishatia tu sahihi kwenye fomu, atatumiwa zimamoto mwingine na kiwanja kifunguliwe. Hakusema kwamba vijana wawili wenye mafunzo aliokuwa amewapigia simu walimwuliza wote swali moja, mnalipa lini, wala kwamba fomu isiporudi wakubwa wangemwuliza yeye.

Uledi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, zetu zimeingia. Si tumshukuru Mungu?"

"Tumshukuru. Na hii fomu?"

"Mimi nipo upande wako, mama. Ila nimlipe kwanza mwenye nyumba, halafu nitakuwa upande wako nikiwa na mahali pa kulala."

"Nenda kamlipe."

Marsiana aliikata kwa mstari ile sentensi ya fomu na kuandika chini yake: *Wawili wamelipwa. Mmoja bado.* Kisha akamwandikia Mhandisi Nyanda barua, nakala kwa Bwana Timoth. Nimeiona nakala yake, na sehemu moja naiweka hapa kama ilivyo: "Mshahara ni wa kazi iliyokwisha kufanywa. Adhabu ni ya kosa lililokwisha kutendwa. Cleophas alisimama kwenye mkokoteni Novemba, Desemba na Januari. Kazi hiyo mmekwisha kuila, hamwezi kuitapika. Kwa kosa la vilima, muiteni mbele ya kamati ya nidhamu kama sheria inavyotaka, na mimi nitakuwa shahidi wa kwanza. Mkichanganya haya mawili, mtakuwa mmemtoza faini kabla ya kumsikiliza."

Kiwanja kilibaki kimefungwa siku tano nyingine. Kila asubuhi saa moja alitaja sababu, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Watu walianza kumwuliza sokoni kama haogopi mkataba wake kutohuishwa mwezi Juni. Aliwajibu kwamba anaogopa sana, na kwamba sahihi yake ni moja tu, akiiweka chini ya uongo hatakuwa na nyingine ya kuweka chini ya ukweli.

Siku ya sita Cleophas alilipwa. Barua iliyofuata ilimrudisha kazini kwa muda, akisubiri kamati. Adhuhuri hiyo ndege ya madaktari ikatua, zimamoto wawili kando ya mkokoteni.

Kamati ya nidhamu ilikaa Sumbawanga mjini wiki mbili baadaye, katika ukumbi mdogo wa kukodi. Wakisubiri kuitwa, Cleophas alikuwa akizungusha kofia mikononi.

"Mama Adela, ukiingia utasema nini?"

"Nitasema nilichokiona."

"Chote?"

"Thelathini na saba, na cha thelathini na nane ukiwa juu yake."

"Umenipigania siku zote hizo ili uje unimalize?"

"Nimepigania mshahara wako, Cleophas. Vilima sikuvipigania."

Cleophas alitikisa kichwa, kisha akacheka kwa uchungu. "Mwanamke mgumu wewe. Basi waambie nilivibomoa mwenyewe."

"Hilo pia nimeliona."

Akasema yote mawili. Wajumbe watano walimsikiliza, wakamsikiliza na Cleophas, ambaye hakukana. Alipewa onyo la maandishi na mwezi mmoja nje ya kazi bila malipo, na zimamoto mwingine akaagizwa kushika nafasi yake. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema ni haki.

Mwenyekiti alianza kukusanya makabrasha. "Shahidi, una la kuongeza kabla hatujafunga?"

"Ninalo," Marsiana alisema, akasimama. "Mtumishi aliyeweka abiria hatarini kwa kulima ukingo ameadhibiwa, na ni vizuri. Ofisi iliyoweka abiria haohao hatarini, kwa kuwaacha zimamoto na njaa miezi mitatu huku ikiwakataza kuondoka, itakaa mbele ya kamati gani? Naomba iandikwe kwamba mtumishi anayekatazwa kuacha kazi asizuiliwe mshahara, kwa uhakiki wala kwa jambo jingine."

"Bi Marsiana, hilo halimo kwenye ajenda."

"Ndiyo maana naomba liandikwe."

"Kamati hii haina mamlaka ya kulijibu."

"Sikuomba mlijibu leo. Nimeomba liandikwe, lipelekwe kwa mwenye mamlaka."

Mwenyekiti alimtazama katibu, katibu akatazama daftari lililokwisha kufungwa. Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akasema muda umekwenda. Marsiana hakuketi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kiwanjani, na mikono ameiweka nyuma, na haikuonekana kwamba kusimama kunamchosha. Ukumbi ulikaa hivyo kwa muda ambao kila mmoja aliuona mrefu isipokuwa yeye, mpaka katibu alipolifungua tena daftari, akatafuta mstari ulio wazi, akauliza, "Umesema asizuiliwe kwa nini?"

"Kwa uhakiki wala kwa jambo jingine," Marsiana alirudia, polepole, ili aweze kuandika.